Naombeni ushauri: vanila na nyuki wadogo kihambani Kibosho

Mrudi_Kihambani: Wakubwa shikamooni, wengine salama? Mzee wetu alifariki mwaka jana, kihamba (shamba la ukoo linalozunguka nyumba) kimebaki mikononi mwangu. Ni nusu eka hivi, migomba mizuri, kahawa imezeeka. Kuna jamaa Moshi mjini anauza miche ya vanila pamoja na mizinga ya nyuki wadogo. Anasema nyuki ndio watakaochavusha vanila, mimi kazi yangu kuvuna tu. Nina milioni moja na nusu, ila Jumatatu hadi Ijumaa niko kazini Arusha. Nianze?

Mama_Ndizi: Pole kwa msiba mdogo wangu. Hapo kwenye nyuki unapigwa. Vanila kwao ni Meksiko, na huku kwetu kila ua linachavushwa kwa mkono. Linafunguka asubuhi, mchana limeshanyauka. Unachukua kijiti, unainua kile kiutando kinachotenga dume na jike, unabana kwa kidole gumba. Mbinu hii aliigundua Edmond Albius, mtoto wa miaka 12 aliyekuwa mtumwa kisiwani Réunion, mwaka 1841, na mpaka leo ndiyo hiyo hiyo. Sasa ua likifunguka Jumanne, nani atashika kijiti?

Mrudi_Kihambani: Dah! Na hela nilishaanza kuzipigia hesabu. Mama yupo, ila macho yake si ya kuchokonoa maua.

Fundi_Mizinga: Nyuki wadogo usiwaache lakini. Hawaumi, na asali yao ina bei kuliko ile ya kawaida. Ila ni kidogo, usinunue ndoo. Ning'iniza mzinga kwenye upenu. Ukiuweka juu ya kichanja, paka miguu yake grisi, sisimizi hawana huruma. Halafu jirani akipulizia kahawa dawa ya wadudu wakati wa maua, umekwisha. Ongea naye mapema, hata kwa kata ya mbege.

Mzee_wa_Mfongo: Kijana, kihamba kiko juu au chini? Vanila haipendi baridi. Mizizi yake iko juu juu, maji yakituama inaoza, kwa hiyo weka matandazo ya majani ya migomba na jembe lisifike hapo. Maua utayaona baada ya miaka kama mitatu, kisha maganda yanakaa miezi tisa ndipo yakomae. Na wezi nao wanahesabu. Mimi ningeng'oa ile kahawa ya mzee, nikapande chotara za TaCRI, wale watafiti wa kahawa, zinazostahimili chulebuni (ugonjwa wa matunda ya kahawa) na kutu ya majani. Wako Lyamungo, si mbali na kwenu.

Mrudi_Kihambani: Shikamoo mzee. Kiko juu, Julai tunaota moto hadi saa nne. Basi kahawa kwanza, na mizinga miwili. Vanila nitajaribu mashina matano nyuma ya jiko, dogo wa shangazi afundishwe kijiti. Nimempigia yule jamaa, anasema mizinga haitoki bila miche mia.

Mama_Ndizi: 😂😂 Mia!

Fundi_Mizinga: Achana naye. Nitumie ujumbe, uje Jumamosi jioni, tunahamisha wakishaingia wote ndani. Njoo na kitambaa cha kuzibia mlango wa mzinga.