Kuonyesha skrini kwa VNC: poti 5900 iachwe wazi?

Swali: Habari wakuu. Nina kompyuta ya Ubuntu 22.04 ofisini, nataka wenzangu wawili walioko mikoani waone skrini yangu kwa VNC (njia ya kuona skrini ya kompyuta nyingine kupitia mtandao). Nimefungua poti 5900 (mlango wa mtandao ambao VNC hutumia) kwenye ruta, nikaweka nywila. Inatosha?

Jibu: Haitoshi mkuu, ifunge leo leo. Nywila ya VNC ya kawaida huishia herufi 8, zinazozidi hazihesabiki, na picha ya skrini husafiri bila kufichwa. Ipitishe ndani ya SSH (muunganisho wa mbali uliofichwa kwa usimbaji). Tengeneza nywila kwa `x11vnc -storepasswd`, kisha:

`x11vnc -display :0 -localhost -viewonly -shared -forever -rfbauth ~/.vnc/passwd`

Hiyo `-localhost` ndiyo kufuli lenyewe: anayegonga kutoka nje hapokelewi. `-viewonly` inawazuia kugusa kitu, na bila `-shared` wawili hawaingii kwa pamoja. Kwao waandike:

`ssh -N -L 5901:localhost:5900 jina@anwani`

halafu wafungue localhost:5901. Kwenye ruta ibaki poti ya SSH tu.

Jibu: Naongezea. Wape akaunti ya pembeni, siyo yako, na funguo za SSH za aina ya ed25519 (faili za kuingilia badala ya nywila). Kwenye authorized_keys (faili la funguo zinazoruhusiwa kwenye akaunti hiyo), mbele ya kila ufunguo weka:

`restrict,port-forwarding,permitopen="localhost:5900",command="/bin/false"`

Hapo hawapati kingine zaidi ya skrini. Jaribu funguo kwanza, zikikubali ndipo uweke `PasswordAuthentication no` kwenye mipangilio ya SSH, ili nywila zisikubaliwe tena. Ukigeuza mfuatano wa hatua hizi utajifungia nje.

Muulizaji: Asanteni. Wameunganishwa, ila wanaona weusi mtupu.

Jibu: Uko kwenye Wayland, na x11vnc inasoma X11 (Xorg) pekee; hizo ni mifumo miwili tofauti ya kuchora skrini kwenye Linux. Toka, bofya alama ya gia unapoandika nywila ya kuingia, chagua "Ubuntu on Xorg".