Mrejesho: Akiba ya ada na hisa za akili mnemba

Ndugu zangu, miezi michache iliyopita niliuliza kutoka hapa Moshi iwapo ingekuwa busara kuchukua shilingi milioni sita, akiba ya ada ya mwanangu, na kununua hisa za Nvidia, kampuni ya Marekani inayotengeneza chipu za akili mnemba, kupitia dalali wa mtandaoni. Wengi mlinisihi nisiiguse fedha ya ada, na mmoja wenu akanitaka nisome kwanza yaliyotokea Marekani mwaka 2000.

Nilisoma, na kwa kweli nilishtuka. Kipimo cha soko la hisa la Nasdaq la huko, kilichofikia kilele Machi 2000 wakati wa homa ya kununua hisa za kampuni za intaneti, kilipoteza zaidi ya robo tatu ya thamani yake kufikia Oktoba 2002, na hakikukirudia kilele kile hadi mwaka 2015, ingawa intaneti yenyewe iliendelea kukua na kuibadilisha dunia. Kumbe teknolojia inaweza kufaulu huku aliyenunua hisa kwa bei ya juu akiumia! Hata Nvidia, yenye faida halisi, ilishuka kwa takriban asilimia 17 siku moja tu, tarehe 27 Januari 2025, baada ya habari za DeepSeek, kampuni ya akili mnemba ya China.

Ada nimeiweka katika Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya serikali ya mifuko ya uwekezaji wa pamoja. Laki tano za mauzo ya kahawa ndizo nilizonunulia vipande vya mfuko wenye hisa za kampuni nyingi, na mke wangu anajua. Kilichobaki kunitatiza ni makato ya kubadili shilingi kuwa dola, ambayo dalali hakunieleza waziwazi. Aliyepitia njia hiyo naomba anifafanulie.