Tupeane uzoefu: kukuza msamiati wa Kiingereza kwa kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza

Wakuu, wanaosoma fasili badala ya tafsiri watupe mbinu. Maneno mangapi kwa siku, na unayaandikaje yasipeperuke?

Mzee wa Daftari: Chukua kamusi ya wanaojifunza, siyo ya wenye lugha yao. Longman hufasili maneno yake kwa msamiati wa takriban maneno 2,000 tu. Kama hayo bado huyajui, baki kwanza na kamusi ya Kiingereza-Kiswahili ya TUKI. La sivyo utatafuta neno ndani ya neno mpaka usahau ulikuja na lipi. Maneno 7 kwa siku yanatosha. Kadi: mbele neno, nyuma fasili uliyoifupisha mwenyewe, isizidi maneno 12, na sentensi moja. Kunakili fasili nzima ni kufanya mazoezi ya mwandiko. Rudia baada ya siku 1, 3, 7, kisha 16. Ukiikosa, kadi inaanza upya.

Bint Kaskazi: Tafsiri ya neno kwa neno ndiyo inayotuponza. "Kuazima" imebeba "borrow" na "lend" pamoja, "mkono" ni "hand" na pia "arm". Fasili inasema wazi nani anatoa, nani anapokea. Halafu kuna tuliyoyachukua tukayageuza: steshenari kwetu ni duka la kutoa kopi, "stationery" ni karatasi na bahasha zenyewe. Hoteli mtaani unakula wali maharage. "Hotel" watu wanalala.

Mzee wa Daftari: Sawa, ila "borrow" na "lend" usiziweke siku moja. Mapacha wakija pamoja hujui yupi ni yupi. Moja ikae kwanza, nyingine wiki ijayo.

Chaki Nyeupe: Alama za ndani ya kamusi mnaziruka! Herufi U kwenye "advice", "information", "furniture" maana yake hazihesabiki, kwa hiyo hakuna "advices". T kwenye "discuss" inataka yambwa, yaani kile kinachotendwa, moja kwa moja. "Discuss about" ni "kujadili kuhusu" iliyovaa suti. Na kile kistari kidogo cha juu ni mkazo, unaanguka kwenye silabi inayokifuata. Sisi hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, ka-LEN-da, wakati "calendar" mkazo uko mwanzoni.

Mleta mada: Na neno lenye maana lundo, kama "run"?

Chaki Nyeupe: Ile ya sentensi uliyokutana nayo tu. Nyingine zikija, kila moja na kadi yake.