Kentucky au Alabama: wapi pa kuanzisha shamba la kujitegemea?

Mama Neema: Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Tumechoka na kodi ya nyumba Louisville, tunataka shamba la ekari 8 hivi: mbuzi, kuku, bustani ya mchicha na matembele, na kisima. Tumebakiza sehemu mbili, karibu na Bowling Green, Kentucky, au kaskazini mwa Alabama. Mlioko shambani tayari, tusaidieni.

Mfugaji BG: Dada, kama mbuzi ndiyo kazi yenyewe, njoo huku. Mnada wa mbuzi na kondoo upo hapahapa, na Wakongo na Wabosnia wa mjini ni wateja wa nyama hiyo. Ila usinunue ekari 8! Kentucky, shamba la mifugo linakadiriwa kodi kwa thamani ya kilimo, si bei ya soko, likiwa na ekari 10 zilizoungana. Bustani na mboga ndiyo wanaanzia 5.

Kagua na majani pia. Malisho mengi ni feskyu, nyasi ya aina iitwayo Kentucky 31, iliyoanza kusambazwa mwaka 1943, na ndani yake mara nyingi kuna kuvu yenye sumu. Ng'ombe hukonda wakati wa joto, farasi wenye mimba hupata shida kuzaa. Ukichanganya na klova (majani ya malisho ya jamii ya kunde) makali ya sumu yanapungua.

Bibi Shamba: Mimi niko Cullman, Alabama. Kodi ya ardhi huku ni kati ya zile za chini kabisa Marekani nzima, na ukiishi kwa kipato kidogo hilo unalihisi kila mwaka. Matembele usiulize, kaunti hii inasifika kwa viazi vitamu. Udongo una asidi, kwa hiyo pima kwanza ndipo umwage chokaa.

Adui ni sisimizi wekundu, wale walioingilia bandari ya Mobile miaka ya 1930. Mbuzi akizalia karibu na kichuguu chao, kitoto kikiwa bado kibichi wanakiuma kwenye macho na pua. Zizi la kuzalia likague kila asubuhi. Na joto la unyevunyevu huleta minyoo ya tumbo: mfunue mbuzi kope la chini, ukiona nyama imepauka, minyoo wanamnyonya damu, mtibu, usingoje kesho.

Mzee Kalemie: Mabinti zangu, mmesahau maji. Chini ya Bowling Green ni mapango matupu. Mwaka 2014 ardhi ilititia ndani ya jumba la makumbusho la magari ya Corvette, ikameza magari 8. Mvua huko hupenya kwenye mashimo bila kuchujwa, kwa hiyo kinyesi cha ng'ombe wa jirani kinaweza kufika kisimani kwako. Pima bakteria kabla hujanywa. Kimbunga kisikuchagulie jimbo: Alabama ilipigwa Aprili 2011, Bowling Green Desemba 2021. Pote chimba handaki.

Chakula cha dukani Kentucky hakitozwi kodi, Alabama kinatozwa. Kwa familia yenye watoto mimi ningebaki Kentucky.

Mama Neema: Asante sana mzee. Basi tunatafuta ekari 10 Kentucky. Kuna kiwanja cha bei nafuu mashariki, milimani, vipi?

Mfugaji BG: Huko uliza kwanza nani anamiliki makaa ya mawe chini ya ardhi, mara nyingi haki hizo ziliuzwa zamani kando na shamba. Na popote utakapopata, mkataba useme wazi: udongo ukishindwa kipimo cha kufyonza maji taka ya choo, malipo yako ya awali yanarudishwa.