Wenye ulemavu tunaocheza mitandaoni: tupeane uzoefu wa hili la "washa maiki"

Shwari
Wadau salaam. Mimi ni kiziwi tangu utotoni, niko Dodoma, mpenzi wa ile michezo ya simu ya kupigana kwa vikosi. Mle ndani hakuna anayeniona nikiongea kwa mikono, ungedhani wote tuko sawa. Thubutu! Mechi ikianza tu: "Washa maiki." "Mbona umenuna?" Nikiandika kwamba sisikii, mmoja anasema najifanya, mwingine ananitoa kikosini.

Kuandika nako kuna adha. Lugha yangu ya kwanza ni ya alama, Kiswahili nimekikuta shuleni, na mpangilio wa maneno hauko vilevile. Nikichapa harakaharaka katikati ya risasi, watu wanacheka wakidhani mtoto wa darasa la pili kaiba simu ya mama. (Uzi huu nimeuandika taratibu, mdogo wangu akaupitia.) Siku hizi jina langu la mchezo ni "Kiziwi, tumia ramani". Wanaoelewa wanaweka alama pale adui alipo, basi, kazi inaenda. Nyie mnafanyaje?

Mpemba wa Darajani
Masikio yangu mazima, ila nina kigugumizi. Nikitaka kusema "nyuma yako", mpaka litoke mwenzangu keshalala chini. Jamaa mmoja akadhani mtandao wangu unakatakata. Nikamwambia ndiyo kaka, bando hili. Shwari, nitafute tucheze, maiki wala siiwashi.

Bi Mwanga
Mie sioni, kwa hiyo ramani yenu hainisaidii kitu, haha. TalkBack, ile sauti ya simu inayosoma kilichoko kwenye skrini, inanisomea programu za kawaida vizuri tu, lakini mchezo mwingi umechorwa kama picha moja, haikuti kitufe cha kusoma, inakaa kimya. Kimbilio langu ni MUD, michezo ya maandishi matupu iliyoanzia Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, mwaka 1978. Unaandika unakotaka kwenda, yanakuja maelezo, kompyuta inakusomea. Wasioona tumejaa humo. Kasoro ni Kiingereza mwanzo mwisho.

Mjomba Toronto
Hili la maiki ni la zamani. Second Life, ule ulimwengu wa kubuni wa kwenye kompyuta, ilipofunguliwa 2003 watu walikuwa wakiandikiana. Sauti ikaletwa 2007, na viziwi waliokwisha kuzoea wakaanza kuona mazungumzo yanawahama.

Mimi pia kiziwi, mtu wa Nairobi. Sasa niko VRChat, ukumbi wa mtandaoni unaoweza kuuingia kwa miwani ya VR, ambako viziwi wanaongea kwa mikono ya vikaragosi vyao. Vishikio vya kushika mkononi ili kuongoza mikono hiyo, vingi havisomi kila kidole sawasawa, kwa hiyo alama nyingine wamezigeuza zipite hivyohivyo. Nilifika na alama zangu za Kenya, wao wengi wanatumia za Kimarekani, nikawa mwanafunzi upya ukubwani.

Shwari
Mjomba, hapo kwenye mikono umenigusa. Hivyo vishikio bei gani?

Mjomba Toronto
Wewe baki na ramani yako kwanza.