Ulinganisho: maziwa ya mama, ya ng'ombe au ya unga kwa watoto wa mbuzi? Na wakishalikizwa (kuachishwa maziwa), majani au pumba?

Mteremko_Uluguru
Wakuu, heshima kwenu. Naomba tulinganishe kwa namba, si kwa "mimi naona". Mfano wetu uwe huu: jike chotara wa Toggenburg (aina ya mbuzi wa maziwa), banda la kuinuliwa, milimani kwenye baridi. Amezaa mapacha wa kilo 3 kila mmoja na anatoa lita 1.5 kwa siku. Maziwa ya mbuzi yana wateja wanaolipa vizuri kuliko ya ng'ombe. Njia zinazotajwa ni tatu:

A. Watoto wanyonye mama mpaka miezi mitatu.
B. Mama akamuliwe, watoto wapewe maziwa ya ng'ombe kwa chupa.
C. Wapewe maziwa ya unga ya kulelea ndama.

Swali la pili: wakilikizwa, walelewe kwa lukina (mti wa malisho) na majani tu au lazima mchanganyiko wa pumba na mashudu?

BwanaMifugo_Mstaafu
Kabla ya A, B na C kuna saa za kwanza, na hapo hakuna cha kuchagua. Mtoto apate dang'a (maziwa mazito ya kwanza baada ya kuzaa) ndani ya saa moja, ikichelewa sana mbili. Kiasi ni asilimia 10 ya uzito wake ndani ya saa 24. Mtoto wa kilo 3 ni mililita 300, na nusu yake iingie mara ya kwanza. Utumbo wake hupitisha kinga ya mama kwa saa chache tu, na siku moja ikipita mlango umefungwa. Dang'a ya siku ya tatu ni chakula kizuri lakini si kinga tena.

Kamua matone mawili matatu kila chuchu ili kizibo cha nta kitoke. Watu huona mtoto yuko chini ya kiwele wanadhani ananyonya, kumbe anavuta chuchu iliyoziba. Kisha mtie kidole mdomoni. Mdomo ukiwa wa baridi, usimpe maziwa kwanza, mpashe joto mpaka mdomo uwe vuguvugu. Tumbo la mtoto aliyepoa halisagi kitu.

Dang'a usiichemshe, itaganda kama yai na kinga itakufa. Iliyogandishwa kwenye friza iyeyushwe ndani ya maji yasiyozidi nyuzi 50. Ya mbuzi ikikosekana kabisa, ya ng'ombe aliyezaa siku hiyo inafaa.

Chupa_na_Chuchu
Natetea B, kwa hesabu. Mtoto mmoja mpaka wiki ya 12 anakunywa hivi: wiki ya kwanza lita 0.6 kwa siku, ya pili 0.8, ya 3 hadi ya 8 lita 1.2, ya 9 na 10 lita 0.8, mbili za mwisho 0.4. Jumlisha, ni lita 77. Mapacha ni 154. Kila lita unayobadilisha kutoka mbuzi kwenda ng'ombe, tofauti ya bei ni yako.

Na mtaona pia kwamba A kwa mfano huu haitoshi. Mapacha wakifika wiki ya tatu wanataka lita 2.4 kwa siku, mama ana 1.5. Anayesema "nimewaachia mama yao" amewapunja bila kujua.

Utaratibu: maziwa yachemshwe (brusela na kifua kikuu cha ng'ombe havina mchezo), yapoe mpaka nyuzi 38 au 39. Dondoshea kwenye kifundo cha mkono, usikie uvuguvugu kidogo, si ubaridi. Wiki ya kwanza mara nne kwa siku, ya pili na ya tatu mara tatu, baadaye mara mbili. Saa zisibadilike. Chupa ishikwe juu kiasi, mtoto anyooshe shingo kama aliye chini ya mama. Akinyonya shingo imenyooka, mfereji wa koo hujifunga na maziwa yanapita pembeni ya tumbo kubwa hadi tumbo la nne (mbuzi ana manne, na hili ndilo linalosaga maziwa). Akinywa kwa pupa kutoka bakuli lililo sakafuni, sehemu inamwagikia tumbo kubwa na kuchachia humo. Hapo ndipo unaona tumbo limejaa upande wa kushoto na kinyesi kama udongo wa mfinyanzi.

MamaSaanen
Ndugu yangu Chupa, hesabu yako ni sahihi ila umepita C kimya. Lita 77 kwa gramu 150 za unga kwa kila lita ni kilo 11 na nusu kwa mtoto. Tafuta bei ya kilo hizo za unga huko kwenu ulinganishe na lita 77 za ng'ombe. Mara nyingi kwa mfugaji mdogo ng'ombe anashinda. C inashinda pale ambapo maziwa ya ng'ombe yanapatikana leo, kesho hayapo, kwa sababu kinachowaharisha watoto kuliko aina ya maziwa ni kubadilishabadilisha.

Ukinunua unga, soma nyuma ya mfuko. Protini asilimia 22 hadi 24, mafuta 20 au zaidi, na itokane na maziwa. Kuna mstari wa nyuzinyuzi ambao watu hawausomi: maziwa hayana nyuzi, kwa hiyo ukiona imeandikwa zaidi ya asilimia 0.5 ujue kuna unga wa soya humo. Mtoto wa chini ya wiki tatu hawezi kuusaga vizuri.

Kukoroga: maji ya nyuzi 45 hadi 50 nusu ya chombo, mwaga unga juu, piga mpaka madonge yaishe, ongeza maji mpaka lita itimie. Gramu 150 *ndani* ya lita, si gramu 150 *juu* ya lita. Na pima kwa mzani. Kijiko cha leo kimejaa, cha kesho kimesawazishwa, keshokutwa unatafuta dawa ya kuhara.

Kijana_wa_Gairo
Shikamooni. Wengi huku wanarefusha maziwa kwa uji mwepesi wa mahindi na sukari kidogo. Je, hiyo ni njia D?

BwanaMifugo_Mstaafu
Marahaba kijana. Hiyo ni njia ya kaburini. Mtoto wa wiki mbili ana kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa, basi. Wanga wa uji unapita bila kusagwa, na sukari ya dukani hana cha kuivunjia kabisa. Vyote vinafika utumbo mpana, bakteria wanasherehekea, mtoto anaharisha maji. Shibe unayoiona ni tumbo lililojaa maji. Wanga utampa mkavu, mdomoni, wiki kadhaa mbele, tumbo kubwa likianza kazi. Maziwa yakipungua, heri umpe kidogo yakiwa halisi kuliko mengi ya kuongopa.

Hori_Halilali_Tupu
Kuna ya katikati hamjaitaja na kwa mfugaji wa mbuzi wawili watatu ndiyo yenye kazi ndogo. Wiki mbili za kwanza watoto wakae na mama muda wote. Kuanzia wiki ya tatu watengwe usiku kwenye kizimba chenye matandiko makavu, ukutani kwa mama ili wasikiane. Asubuhi kamua, kisha wafungulie wanyonye mchana kutwa. Unapata maziwa ya asubuhi, watoto wanapata ya mchana, na wale mapacha unawaongezea chupa moja ya maziwa ya ng'ombe jioni kabla ya kuwatenga, mililita 400 au 500 kila mmoja. Usiku kizimbani weka maji, majani laini na chakula kikavu, kwa sababu njaa ya alfajiri ndiyo mwalimu wa kula.

Ila chupa waanze kuizoea wiki ya kwanza. Mtoto wa wiki tatu aliyezoea mama ukimletea chuchu ya mpira atakutazama kama mgeni.

Mteremko_Uluguru
Hii naielewa. Sasa chakula kikavu kianze lini, na kipi?

Mizani
Wiki ya pili. Atalamba tu, atatema, usijali. Tumbo kubwa la mtoto aliyezaliwa ni dogo kuliko lile la nne, na kuta zake ni laini. Nafaka ikichacha humo hutoa asidi zinazootesha vile vinyweleo vya ukutani vinavyofyonza chakula, na majani yanalitanua. Anayemnywesha maziwa mengi miezi mitatu bila chakula kikavu analikiza mtoto mwenye tumbo la wiki mbili.

Mchanganyiko wa kilo 10: mahindi yaliyoparazwa kilo 4, pumba za mahindi 2, mashudu ya alizeti 2.2, soya iliyokaangwa na kuparazwa 1.5, chokaa ya mifugo gramu 200, chumvi gramu 100. Protini inatoka karibu asilimia 17. Soya isiyokaangwa usiweke, ina vizuizi vya usagaji. Mashudu yaliyojaa maganda yana protini ndogo sana, yasugue kiganjani: ukibaki na maganda makali tupu, tafuta mengine. Usisage kuwa unga, mbuzi anapiga chafya na kuacha.

Weka kiganja kimoja, ondoa mabaki kila asubuhi (mpe mama), weka kipya. Hori liwe nyuma ya uwazi ambao mtoto anapita na mama hapiti. Maji yawepo tangu wiki ya kwanza. Bila maji chakula kikavu hakichachi inavyotakiwa, hata kama anakunywa maziwa.

Kulikiza usitumie kalenda. Tumia mzani wa kuning'iniza na gunia: awe amefika mara 2.5 ya uzito wa kuzaliwa au zaidi (wa kilo 3, walau 7.5, mimi napenda 9), na awe anamaliza gramu 100 za mchanganyiko kila siku kwa siku tatu mfululizo. Punguza maziwa kidogo kidogo kwa siku 10 hadi 14.

Lukina_Embu
Salamu kutoka Kenya. Kwa swali la majani: lukina ina protini ya asilimia 22 hadi 28 kwenye majani makavu, kwa hiyo ni mshindani halali wa mashudu. Shida yake ni mimosini, sumu iliyomo kwenye majani yake. Ikizidi mtoto hunyonyoka manyoya, tezi ya shingo huvimba na ukuaji unasimama. Kuna bakteria wa tumboni wanaoivunja, Synergistes jonesii, ambao walijulikana kupitia mbuzi wa Hawaii wasiodhurika na lukina, lakini usitegemee kwamba wako ni kama wale. Kaa chini ya asilimia 30 ya chakula chote kikiwa kikavu.

Kaliandra, mti mwingine wa malisho, haina sumu hiyo, ina tanini. Tanini hushika protini na kuifanya isagike kwa shida. Ipe mbichi, siku ileile, na usiitegemee peke yake. Ile hesabu maarufu ya kilo 3 za kaliandra mbichi badala ya kilo moja ya dairy meal (chakula cha dukani cha ng'ombe wa maziwa) ni ya ng'ombe. Mtoto wa kilo 10 hana nafasi tumboni ya kubeba majani mengi kiasi hicho, na hilo ndilo jibu la "majani tu". Protini anaipata, nguvu hazimtoshi.

Na majani yafungwe fundo yaning'inie usawa wa pua zao. Yakishakanyagwa hawayagusi, na wakiyagusa wanakula kokisidia, vimelea vya kinyesini vinavyoharisha.

Mizani
Nakubaliana na Embu, naweka namba. Mtoto wa kilo 15 unayetaka aongeze gramu 100 kwa siku anahitaji karibu gramu 580 za chakula kikavu na protini gramu 75 hadi 80. Mpe mchanganyiko gramu 200 (protini 33), lukina mbichi kama gramu 450 (ikikauka ni kama 120, protini 29), matete au majani mengine kilo 1.2 hivi (yakikauka 280, protini 22). Jumla 84. Lukina hapo ni kama asilimia 20, uko salama.

Ukitoa mchanganyiko ukaweka majani tu, ukuaji huporomoka. Wala si hasara kama unakuza mbuzi wa asili wa nyama na huna haraka. Kwa jike wa maziwa ni hasara, maana anatakiwa afike asilimia 60 ya uzito wa mkubwa ndipo apandwe. Kama wakubwa wako ni kilo 40, basi 24. Kasi ndogo inamsogeza msimu mzima.

BwanaMifugo_Mstaafu
Madume yana tahadhari yake. Pumba zina fosforasi nyingi na kalsiamu kiduchu. Ukilisha pumba tupu, dume, hasa aliyehasiwa mapema, hupata mawe ya mkojo: anakunja mgongo, anajikamua, matone tu. Ile chokaa ya gramu 200 hapo juu si pambo, inaleta kalsiamu izidi fosforasi. Na maji safi mengi.

Baada ya kulikiza ndipo minyoo hupiga. Vuta kope ya chini uangalie rangi. Ikiwa nyekundu, sawa. Ikiwa nyeupe kama karatasi, usiongeze chakula, tibu kwanza. Urea, ambayo wengine huchanganya kwenye chakula cha wakubwa, isikaribie watoto.

Mteremko_Uluguru
Nimeelewa, wakuu. Nachukua ya Hori, na chupa ya ng'ombe jioni. Moja la mwisho: yapo magunia mawili ya mashudu ya pamba, bei rahisi. Yachukue nafasi ya alizeti kwenye ile kilo 10?

Mizani
Hapana. Yana gosipoli, sumu ya mbegu za pamba, na tumbo la mtoto bado halijui kuizima. Wape mama zao.