Tupeane uzoefu: mdoli wa mafunzo aliyewahi kukutoa jasho

Mkunga_Zamu: Wahudumu wenzangu, nimeona picha ya MamaNatalie, yule mdoli wa kujifunzia kuzalisha, nikakumbuka mbali. Leteni visa.

Dripu: Mimi Resusci Anne, mdoli wa kujifunzia kufufua aliyesimama moyo. Unabana kifua sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Dakika 2 tu mikono inatetemeka.

Mama_Wodi: Yangu ndefu, nivumilieni. Zoezi lilifanyika wodini kwetu, usiku, bila taarifa. Mkufunzi kajifunga MamaNatalie tumboni, kalala kitandani, yeye ndiye mzazi. Mtoto katoka salama, kondo limetoka, tukashusha pumzi. Mara damu! Mkufunzi ananitazama usoni, "Dada, mbona nasikia kizunguzungu?" Mwenzangu anasugua tumbo la uzazi, mimi naita oksitosini, sindano ya kukaza tumbo la uzazi damu ikatike, uniti 10. Friji la dawa limefungwa. Ufunguo nani anao? Yuko jengo lingine! Damu imefika sakafuni, imelowesha viatu. Ni maji ya rangi tu, lakini roho ilikuwa juu kama mzazi ni wa kweli. Mkufunzi akafumba macho, akanyamaza.

Kwenye mjadala baada ya zoezi hakulaumiwa mtu. Tuliulizana habari ya ufunguo tu. Dawa ikahamishiwa friji la chumba cha kujifungulia, ufunguo haupo tena mfukoni mwa mtu. Miezi kadhaa baadaye akaja mama wa kweli, damu ileile. Sindano ilifika hata sijamaliza kuita. Alirudi nyumbani na mwanawe.

Dripu: Dada, nimesisimka mwili mzima.

Dokta_K: Hongereni, ila napinga mdoli kufa. Mwanafunzi mchanga anabaki na woga, ujuzi haupati.

Mama_Wodi: Dokta, asingekufa yule, ufunguo ungekuwa jengo lingine mpaka leo.

Dokta_K: Ninyi mna uzoefu. Nasemea wanaoanza.

Mkunga_Zamu: Wanaoanza ndio wanaoachwa peke yao usiku, dokta! Bora mgonjwa awafie hapo kwenye mdoli, na mkufunzi akae nao mpaka watulie.

Dripu: Hapo kwenye kukaa nao naunga mkono.

Nesi_Watoto: Mkimtumia NeoNatalie, mdoli wa kujifunzia kumsaidia kichanga asiyepumua, mjazeni maji, apate uzito na ulegevu wa kichanga. Kifua kisiponyanyuka, rekebisheni kichwa na barakoa kwanza, msikimbilie kubana mfuko wa kupulizia hewa kwa nguvu. Dakika ya kwanza baada ya kuzaliwa ndiyo yenyewe.

Dokta_K: Hilo sibishi. Mwenye kisa cha bega la mtoto kukwama, alete.